Divisheni ya Baba Mkwe

Kuchagua mke nilitumia wiki mbili. Kuchagua bastola ya mashindano nilitumia miezi saba, na yule mke wa wiki mbili alinikumbusha tofauti hiyo kila tulipokaa kula.

"Mimi hukunizunguka hivi," alikuwa akisema, huku akinisukumia bakuli la mboga za chinsaga. "Ulikuja, ukaangalia, ukatuma wazee."

"Wewe hukuwa na divisheni, mama watoto," nilimjibu. "Ulikuwa mmoja tu duniani."

Alicheka, lakini hakunisamehe. Katika miezi hiyo saba niliongea habari za bastola mpaka kuku wetu wakajua uzito wake.

Ninauza vifaa vya ujenzi mjini Kisii: misumari, bawaba, kufuli, rangi, mabati. Duka langu lilipovunjwa mara ya tatu niliomba kibali cha silaha, nikazungushwa, nikahojiwa, nikapigwa picha za kila upande wa kichwa, na mwishowe nikapewa cheti cha kumiliki bastola moja. Nilinunua ndogo kabisa, ya kutoshea kiganjani. Aliyenifundisha kuitumia alikuwa askari mstaafu ambaye sauti yake inaweza kung'oa mabati, na ndiye aliyenialika kwenye klabu yao ya kulenga shabaha. Hukutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, mahali penye ukuta wa udongo mrefu kuliko kanisa letu. Nilidhani nitakuta majambazi waliookoka. Nikakuta daktari wa meno, mwenye malori ya chai, wakili mmoja wa kutoka upande wa ziwani, na watu wengine ishirini hivi ambao siku za kazi huvaa tai.

Mchezo wenyewe ni huu. Kifaa cha kupima muda kinalia piip. Unachomoa bastola, unapita kati ya mapipa na milango ya mbao isiyo na nyumba, unapiga shabaha za kadibodi za kahawia na kuziacha zile nyeupe. Shabaha nyeupe ni raia mwema. Ukimpiga unakatwa alama. Ukimaliza, bastola ikishakaguliwa na kurudi kiunoni tupu, wenzako wa divisheni yako wanakwenda mbele, wanahesabu matundu yako kwa sauti ya mnada, kisha wanayaziba kwa vipande vya karatasi ya gundi. Hapo ndipo utamu ulipo. Ukikosa, watakuzomea. Mwenye malori aliwahi kukosa shabaha moja miaka mitatu iliyopita, na mpaka leo akifika uwanjani watu wanamuuliza kama risasi ile imeshatua.

Divisheni zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya bastola ndogo, kama yangu. Ya pili ni ya bastola za kawaida, ambazo unalenga kwa kulinganisha kichuma cha mbele na mwanya wa nyuma. Ya tatu ni ya kioo: juu ya bastola panafungwa kijioo kidogo chenye nukta nyekundu, unaitazama shabaha tu, nukta ikiikalia, unafyatua.

Mwaka wangu wa kwanza nilicheza divisheni ya ndogo na nikamaliza wa tatu. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu alinipongeza, akanichinjia kuku, na tulipokuwa tunamalizia mapaja akauliza, "Mlikuwa wangapi?"

"Watatu," nikasema.

Kuku alikuwa ameshaliwa, la sivyo angerudishwa.

Lazima niseme ukweli kuhusu kikombe. Mimi nilisoma sekondari kwenye shule ya jioni, nikiwa tayari na kipara, dawati moja na msichana aliyeniita mzee na kuniazima kifutio. Cheti nilikipata, na kiko ukutani dukani, kikubwa kuliko dirisha. Lakini shule ya jioni haina siku ya michezo. Hakuna anayekimbia na gunia, hakuna anayeitwa mbele kupokea kikombe huku mama yake akipiga kigelegele. Kwa hiyo dukani, kati ya kufuli na bawaba, niliacha nafasi wazi kwenye rafu. Wateja wakiuliza ni ya nini, nilisema ni ya bidhaa iliyo njiani. Bidhaa hiyo ilikuwa njiani kwa miaka minne.

Basi nikaamua kubadilisha bastola, na hapo ndipo miezi saba ikaanza. Kila mtu alikuwa na ushauri. Daktari wa meno alisema nitafute nyepesi. Mwenye malori akasema nzito, maana nzito hairuki sana mkononi. Wakili alinishika bega, akanivuta kando kama mtu anayetaka kunipa siri ya serikali.

"Omera," akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo, "nenda kwenye divisheni yenye watu wachache na bunduki mbaya."

"Huko ndiko ninakotoka."

"Basi umerogwa. Njoo kwetu kwa kioo, nikushinde vizuri."

Mwalimu wa uwanja, yule askari mstaafu, ndiye aliyenisaidia. Alinipeleka kwa muuza silaha mwenye leseni, akanishikisha bastola moja baada ya nyingine, zote tupu, akisema macho yanadanganya ila kiganja hakijui uongo. Kiganja changu ni koleo. Zile nyembamba zilipotea ndani yake kama kijiko kwenye sufuria ya ugali. Tukafika kwenye moja nzito, ya milimita tisa, nikaikamata, na mwalimu akanyamaza. Kwa mtu wa sauti ile, kunyamaza ni cheti.

Bastola hiyo ilikuwa na kifuniko kidogo kwa juu, nyuma, chenye skrubu mbili. Ukikiacha, unacheza divisheni ya kawaida. Ukikifungua na kufunga kijioo, umeingia ya kioo. Bastola moja, milango miwili. Nilichobakiza ni kuchagua mlango, na kwenye mlango wa kawaida alikuwa amesimama baba mkwe wangu.

Huyu mzee alikuwa mkaguzi wa majani kiwandani Itumbe. Kazi yake ilikuwa kutazama gunia la chai na kujua, kabla halijamwagwa, kwamba ndani kuna majani yaliyokomaa kupita kiasi. Wakulima walisema ana macho ya kuona mpaka mawazo ya mchumaji. Alipostaafu alifungua duka la mbolea Kebirigo, akapata kibali cha silaha kama mimi, na kwa macho hayo hayo akaitawala divisheni ya kawaida. Kila Jumamosi ya mashindano aliteremka kutoka Gesima akiwa amepiga pasi hadi soksi, bastola yake kwenye ala ya ngozi ya kahawia aliyoshonewa na fundi wa viatu, inayong'aa kuliko kipara changu. Hata bastola yake ilikuwa na kifuniko kile chenye skrubu, ila aliapa kwamba kijioo hakitapanda juu ya chuma chake akiwa hai.

Sasa, kwetu kuna ensoni. Ni heshima iliyo na uzio. Baba mkwe na mimi omoko wake, yaani mume wa binti yake, tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za mvua, kisha kila mmoja anakaa upande wake. Hatutaniani. Hatushindani. Yeye hatazami udhaifu wangu, na mimi sina ruhusa hata ya kuona kwamba amepiga chafya. Hebu fikiria, basi, nimo kwenye divisheni yake. Mzee amekosa. Ninatembea mbele na kundi, ninainama kwenye kadibodi yake, kisha ninatangaza mbele ya watu, "Moja haionekani!" Nikifanya hivyo, afadhali nihamie nchi nyingine na kubadilisha ukoo.

Nikachagua kioo. Nilimpigia mke wangu simu nikiwa bado kwa muuza silaha.

"Nimechagua kwa heshima," nikamwambia.

"Heshima ya nani?"

"Ya baba yako."

Akasema, "Haya. Njoo na mkate."

Kusema kweli, kijioo kilinipenda. Ile nukta ilikuwa ikienda kwenye shabaha yenyewe, kama mbuzi anayejua zizi. Msimu ulikuwa na mashindano manne yanayojumlishwa alama. Baada ya matatu nilikuwa wa kwanza katika divisheni ya kioo, wakili akinifuata kwa pua. Niliipangusa ile nafasi kwenye rafu kila asubuhi. Nilipima upana wake kwa futi ya chuma.

Lakini katika hayo mashindano ya tatu kulitokea jambo. Baba mkwe aliingia, piip ikalia, na akaenda taratibu kuliko kawaida, akisukuma kichwa mbele na kukirudisha nyuma kama mtu anayesoma barua ndogo. Akakosa mbili. Kisha akapiga shabaha nyeupe. Raia mwema, kifuani. Kundi lake likaenda mbele, na daktari wa meno akahesabu matundu kwa sauti ya kanisani. Hakuna aliyezomea. Watu wanaomzomea mwenye malori kwa kosa la miaka mitatu waliziba matundu ya mzee kimya, wakisugua gundi kwa vidole kana kwamba wanafunga kidonda. Nilimwona mzee akitazama ule ukimya, kisha nikakumbuka ensoni na kugeuza uso.

Jumapili iliyofuata mke wangu alikwenda Gesima kuwaona wazazi. Aliporudi hakuvua hata kitambaa cha kichwa.

"Tata anataka kurudisha bastola serikalini," akasema kuhusu baba yake. "Anapiga mashindano ya mwisho, kisha basi."

"Kwa nini?"

"Usijifanye. Wote mliona." Akaketi. "Mbali anaona vizuri, anaona hata ng'ombe wa jirani wakiingia kwenye chai yetu. Ila kile kichuma cha mbele ni ukungu. Anakiona kama viwili. Na akiacha, atatoka nyumbani kwenda wapi? Duka ameshamwachia kaka yangu. Hizo Jumamosi ndizo zinazomfanya anyoe ndevu."

Mimi, mwerevu wa shule ya jioni, nikaruka juu. "Lakini hiyo ni rahisi! Ahamie divisheni ya kioo! Ile nukta unaiona ukitazama mbali, hakuna cha kichuma. Ingemfaa kuliko dawa!"

Mke wangu akanitazama kama anavyotazama mteja anayeomba nusu ya msumari.

"Ahamie wapi?"

"Kwa kioo."

"Na huko kwa kioo, yuko nani?"

Huko nilikuwa nimekaa mimi, na heshima yangu yote, miguu nimeinyoosha. Nilimkimbia mzee nisimvunjie adabu, nikakimbilia kwenye kiti pekee ambacho yeye angeweza kuhamia. Hata siafu wana adabu kuliko hiyo. Wao wakiingia nyumbani kwako unajua.

"Basi nitatoka," nikasema kwa sauti ndogo. "Nitauza hii, nirudi kwa ndogo."

"Ukitoka tu, hatakwenda. Akifunga kioo, watu watasema macho yake yamekwisha. Macho ya mkaguzi wa majani! Afadhali afe na ukungu wake." Akaanza kufungua kitambaa, polepole, na nikajua ameshafikiria jambo hili njia nzima. "Wewe ingia divisheni yake."

"Mimi? Nitakuwa nimemfukuza!"

"Ndiyo. Mfukuze kwa heshima. Omoko akiingia, mkwe hukaa? Ataondoka kwa sababu ya mila. Hakuna atakayetaja macho."

Ilikuwa akili ya juu kuliko chuo kikuu. Ilikuwa pia kaburi la kikombe changu, maana alama za kioo hazihamishiki. Ningeingia divisheni ya kawaida, kwenye mashindano ya mwisho, na sifuri mkononi. Siku mbili sikula vizuri. Niliitazama rafu, rafu ikanitazama. Mteja mmoja aliniuliza kama ile bidhaa bado iko njiani, nikamwuzia kufuli bila kumjibu.

Siku ya tatu nilizifungua zile skrubu mbili, nikarudisha kifuniko mahali pake, na kile kijioo nikakitia kwenye kopo tupu la misumari, kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. Nikampelekea mwalimu wa uwanja.

"Kiuze," nikamwambia. "Usiseme ni cha nani."

Mwalimu alilitikisa kopo, akasikia kinavyogonga. "Wewe unaongoza," akasema.

"Kioo ni cha watoto. Mwanamume hulenga kwa chuma."

Nadhani hakuniamini, ila aliyatuma maneno hayo kwenye kundi letu la simu kama yalivyo. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimetukanwa na kila mwenye kioo katika kaunti mbili. Wakili alipiga simu.

"Omera, umegonga kichwa?"

"Nimekomaa."

"Hapana, umeoza. Lakini asante. Kikombe nitakiweka sebuleni na jina lako nitaliandika chini, kwa penseli."

Siku ya mwisho baba mkwe alifika, soksi zimepigwa pasi. Akasoma orodha iliyobandikwa mlangoni pa kibanda, akisimama mbali nayo kwa urefu wa mkono. Mimi nilikuwa hatua kumi nyuma, nikichunguza kiatu changu kwa makini sana. Mzee hakugeuka. Aliongea na mwalimu, kwa sauti ya kufika Ogembo.

"Mwalimu, naona omoko wangu ameingia kwa kawaida."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi siwezi kuhesabiwa matundu na omoko. Mtu ana mila yake."

"Ni kweli, mzee. Lakini iliyobaki ya bastola kubwa ni ya kioo tu."

Mzee akashusha pumzi ndefu, ya mtu anayebebeshwa mzigo na ulimwengu. "Kama ni kioo, basi ni kioo. Tutafanya nini?"

Akaenda kwenye meza ya usalama, akafungua mkoba wake, na bastola ikatoka na kijioo kikiwa tayari kimefungwa juu, imara, skrubu zote mbili. Mwalimu aligeuka upande mwingine akaanza kukohoa. Baadaye nilisikia kwamba mzee alikuwa amekinunua wiki mbili kabla, na kwamba huko Gesima alikuwa akifanya mazoezi sebuleni, bastola tupu, akiilenga saa ya ukutani mpaka mama mkwe akaifunika kwa kitambaa.

Nilimtazama kwa pembe ya jicho, kiasi ensoni inavyoruhusu na kidogo zaidi. Piip. Kichwa hakikusogea mbele wala nyuma. Alipita kwenye mapipa kama anapita kwenye mistari ya chai, akipiga kahawia, akiruka nyeupe, kahawia, kahawia, nyeupe akaiacha. Kwenye shabaha ya mwisho kabisa, ya mbali, alikosa moja. Kundi likaenda mbele, na wakili akainama, akainuka, akapaza sauti mpaka udongo ukaporomoka ukutani:

"Mzee! Hii moja umeituma Nyamira bila nauli!"

Watu wakazomea. Walizomea kwa moyo wote, mwenye malori akiongoza, kwa furaha ya mtu aliyepata wa kumrithi. Na mzee akacheka. Alicheka akiwa ameinamia magoti, kofia imeanguka, akisema, "Nauli mtailipa nyinyi!"

Ilibidi niondoke nikasimame kidogo nyuma ya choo. Vumbi la machimbo ni baya kwa macho.

Mzee alikuwa wa pili siku hiyo kwa kioo. Kikombe cha msimu kilichukuliwa na wakili, na jina langu kweli aliliandika kwa penseli, nimeliona. Mimi katika divisheni ya kawaida nilimaliza wa tisa kati ya tisa. Nilimpiga raia mwema mara mbili, na daktari wa meno alilitangaza hilo kwa sauti ambayo kumbe alikuwa nayo siku zote. "Mwanamume hulenga kwa chuma!" wakaimba, mpaka nikafika kwenye gari.

Baada ya wiki mbili mke wangu alirudi tena kutoka Gesima, na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na ile ala ya ngozi ya kahawia.

"Tata amesema bastola yake na hicho kijioo haiingii tena humu," akasema. "Amesema pia, divisheni aliiacha safi, na amesikia kuna mtu ameichafua. Huyo mtu angalau avae kitu cha heshima."

Niliijaribu. Ilinikaa kiunoni kama vile fundi wa viatu alikuwa amenipima mimi. Nikaipeleka dukani nikaiweka kwenye ile nafasi kati ya kufuli na bawaba, na haikuwa imeisha saa moja kabla mtu hajauliza bei.

"Kuna jambo lingine," mke wangu alikuwa amesema jioni ile, akinisukumia bakuli la chinsaga na kujizuia kucheka. "Anasema kijioo ni kizuri, lakini kina mikwaruzo upande mmoja. Anauliza aliyekiuza alikuwa akikiweka wapi, ndani ya kopo la misumari?"

"Mwambie ilikuwa siku moja tu!"

"Mwambie mwenyewe."

"Siwezi," nikasema. "Ni mkwe wangu."